Gitaa Lililolala Ndani ya Spika

Wazo la kulilaza gitaa la baba ndani ya sanduku la spika lilikuwa langu, na kwa miaka miwili nililionea fahari. Nalisema mapema kwa sababu mimi si mtu wa kuzungusha maneno. Kitu kikinikaa kifuani hunichoma mpaka nikiteme. Hiki kimoja tu ndicho nilichokimeza, na kilinitesa vya kutosha.

Mama alikuwa akisema nilizaliwa na kiherehere. Nikikaa kwenye kigoda dakika tano, goti linaanza kucheza lenyewe. Nilifungua redio kabla sijajua kuzifunga. Nilifungua tochi, simu za majirani, hata mzani wa muuza dagaa ambaye mpaka leo hajanisamehe. Pale Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda, watu wakiniona nakuja na bisibisi walisogeza vitu vyao ndani. Ndiyo maana nilipokuwa mtu mzima nikaenda Mbarara, nikapata kazi kwenye kibanda cha fundi wa redio na amplifaya, na kila Jumamosi nikawa narudi nyumbani kupitia Kaberebere na Rwekubo, na kila Jumatatu alfajiri naondoka tena. Wengine walinihurumia kwa safari hizo. Mimi nilikuwa nazihitaji, maana nikikaa mahali pamoja wiki nzima nagombana na kila mtu.

Baba alikuwa mpiga solo wa kwaya ya kanisa letu. Kwetu sisi tuliotoka Kivu Kusini, kwaya bila gitaa la solo ni sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, isiyo na chumvi: utaila, lakini utalalamika. Gitaa lake lilikuwa la umeme, jekundu lililofifia, na lilikuwa na mikro mbili. Mikro tunaita kile kipande kilichokaa chini ya nyuzi, kinachozisikia na kupeleka sauti yake kwenye amplifaya. Baba alipiga kwa vidole viwili, dole gumba na cha shahada, na noti zilitoka zimefuatana bila kukanyagana. Wamama wa kwaya walikuwa wakimwachia nafasi katikati ya wimbo, wanarudi nyuma hatua mbili, na yeye anaingia peke yake. Alikuwa mtu mpole asiye na maneno, lakini kwa dakika hizo mbili alikuwa anaongea kuliko mchungaji.

Gitaa hilo alilibeba mgongoni siku ya kukimbia vita. Mama alikuwa akimtania mbele ya wageni:

"Miye nilibeba batoto batatu. Yeye akabeba gitare."

Wageni walicheka na baba naye akacheka. Lakini kulikuwa na sehemu ya hadithi ambayo mama hakuifanyia utani. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa mshonaji. Asubuhi ile alimwomba baba aache gitaa ambebee mashine yake ya kushona, kichwa chake cha chuma tu, kwa sababu yeye mwenyewe mgongo ulikuwa unamuuma. Baba akamwambia aiache, watanunua nyingine huko mbele. Shangazi akasema hawezi kuiacha, akabaki nyuma kutafuta mtu wa kumsaidia. Sisi tukatangulia. Hatukumwona tena. Nyumbani kwetu hadithi hiyo haikusimuliwa, ilijulikana tu, na baba akiliona cherehani lolote sokoni alikuwa anapita upande wa pili.

Sasa nirudi kwenye sanduku. Kanisa letu lilikuwa la miti na udongo, paa lake nusu bati nusu turubai, na mvua ikinyesha ilichagua mahali pa kuingilia. Kanisa la jirani walikuwa wameibiwa amplifaya. Panya walikuwa wanakula waya. Baba alikuwa akilibeba gitaa kwenda na kurudi kila siku ya mazoezi, mwendo mrefu, na mara mbili alinyeshewa. Mimi nikalitazama sanduku la spika la kanisa, refu kuliko mtoto wa miaka kumi, limetengenezwa na seremala wa kwaya kwa mbao nene. Ndani yake kulikuwa na spika moja kubwa chini, na nyuma yake mpaka juu nafasi tupu. Nikasema: tukate mlango nyuma, tuweke bawaba na kufuli, gitaa lilale humo. Pakavu, panafungika, panya hawaingii.

Watu walifurahi. Tukalifunga gitaa kwenye kitenge, tukalisimamisha humo, shingo juu, uso wake umeelekea mbele ili skrubu za mlango zisilikwaruze. Lilikaa sawasawa kana kwamba sanduku lilipimwa kwa ajili yake. Kila Jumapili baada ya ibada wanakwaya walikuwa wakisema, "Gitare inaenda kulala," na mmoja anafunga kufuli. Makanisa mawili yakaja kutazama, yakaiga. Nilitembea kambini kifua mbele.

Nilijua spika ina sumaku kubwa mgongoni. Ndiyo kazi yangu, nilikuwa nimezishika nyingi. Nilijua pia kwamba mikro ya gitaa ina sumaku ndogo tumboni. Vitu hivyo viwili sikuwahi kuvikutanisha kichwani, na nikikumbuka hilo hata leo nataka kujipiga kofi.

Sauti ya baba haikufa kwa siku moja. Ilipungua polepole. Kwanza akaanza kubonyeza nyuzi kwa nguvu zaidi. Kisha akaanza kukosea, kwa sababu anayebonyeza kwa nguvu hawezi kukimbia. Tukabadilisha nyuzi, hakuna kitu. Tukapima waya, mzima. Mikrofoni za waimbaji zilisikika vizuri kwenye amplifaya ileile, na kinanda kilichonunuliwa mwaka ule kilisikika mpaka kwenye mabomba ya maji, kwa hiyo amplifaya haikuwa na kosa. Na nyumbani, siku alizolibeba kwenda kulijaribu bila umeme, gitaa liliimba kwa sauti yake ndogo ileile ya siku zote. Hilo ndilo lililommaliza baba. Alipiga vizuri uani kwake, akienda mbele za Mungu vidole vinakataa.

"Bidole byangu binakufa, mama," aliniambia siku moja. Baba zetu wa Kivu huwaita binti zao mama. "Hapa nyumba biko bizuri. Nikifika mule kanisa, binakufa."

"Ni jembe, papa. Unalima mingi."

"Si jembe."

Hakuendelea, na mimi sikuuliza, kwa sababu nilijua anachofikiri. Alikuwa anafikiri juu ya shangazi. Gitaa alilolichagua badala ya mashine ya dada yake, Mungu alikuwa anamnyang'anya, si kwa wizi wala kwa moto, bali kwa kumwachia mbao na kumchukulia vidole. Mama aliniambia alikuwa anamsikia akiomba kwa sauti ya chini, anataja jina la dada yake, anasema chukua, ni haki yako. Mpiga kinanda akaanza kupewa nafasi za solo. Wamama wa kwaya hawakurudi tena nyuma hatua mbili. Baba alikaa mstari wa pili na gitaa mapajani, anagusagusa nyuzi ili aonekane yupo, na mimi nilikaa upande wa wanawake nikitafuna kucha. Hatimaye akamwambia mchungaji atafute kijana wa kumpa gitaa, yeye basi.

Hapo kiherehere changu kikanisaidia kwa mara ya kwanza. Nikamwambia naomba nilipeleke Mbarara nilisafishe kabla halijapewa mtu. Akanikabidhi bila hata kulitazama.

Bosi wangu alikuwa mwanajeshi mstaafu, Mnyankore, aliyekuwa fundi wa redio za jeshi. Kiswahili chake kilikuwa cha kambi za askari, kifupi na cha amri, na alikuwa na tabia ya kunishika mkono kila nilipotaka kuharakisha. Tukafungua gitaa pamoja. Mikro ile ina koili mbili za waya mwembamba wa shaba, mwembamba kuliko unywele, na chini yao, katikati, imelala sumaku moja bapa, urefu wa kidole. Unalegeza skrubu nne, unapasha kidogo nta inayoishika, unaisukuma sumaku kwa kijiti cha mti mpaka itoke. Nilitaka kuisukuma kwa bisibisi. Bosi akanipiga kwenye vidole.

"Chuma hapana! Itagonga waya. Polepole, nyabo. Nani anakimbiza wewe?" Nyabo kwao ni kama kusema bibi.

Tukazitoa zote mbili. Zilikuwa za kijivu, pembeni zina chembechembe kama zimemwagwa kwenye mchanga, na kila moja ilikuwa na doa jekundu la rangi upande mmoja, alama ya kiwandani ya kuonyesha upande wa kaskazini. Bosi akachukua msumari mdogo, akausogeza. Sumaku ya kwanza iliushika kwa uvivu. Ya pili, ile ya karibu na mahali nyuzi zinapofungwa, ambayo ndiyo baba alipigia solo, iliuachia ukaanguka mezani.

Kisha akatoa dira yake ya jeshi, ambayo hakuiacha popote, akaisogeza kwenye ile ya pili. Akaitazama muda mrefu. Akaigeuza, akaitazama tena.

"Hii rangi inasema kaskazini iko hapa. Dira inasema iko kule."

"Kwa hiyo dira mbovu?"

"Dira yangu mbovu?" Alinitazama kama nimemtukana mama yake. "Sikia. Sumaku inazeeka, inachoka, hiyo sawa. Lakini haigeuki yenyewe. Hii kuna ingine kubwa ilikaa karibu na yeye, siku mingi, ikamshinda. Hii gitaa inalala wapi?"

Nilifungua kinywa kumjibu. Niliona lile sanduku, kitenge, uso wa gitaa umeelekezwa mbele kwa uangalifu, na mgongo wa spika umeigusa mikro ileile usiku baada ya usiku kwa miaka miwili. Nikamwambia. Bosi alicheka mpaka akakohoa, akaketi, akaita jirani yake muuza betri aje asikie, akamsimulia kwa Kinyankore, wakacheka wote. Nilikasirika nikatoka nje. Nikatembea mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, mara tatu, na kila nilipofika mlangoni nilikuta bado wanacheka.

Nilitaka kulitengeneza siku ileile. Kwenye boksi letu la mizoga kulikuwa na gitaa la bei nafuu lililokufa, nikachomoa sumaku zake. Zilikuwa nyeusi, laini, baridi kama kigae. Bosi akasema kabla hujaweka, jua unachoweka. Akanionyesha kwa mita yetu ya umeme: ukiigusa sumaku ya kijivu kwa zile ncha mbili, mita inalia, maana ni chuma. Ukiigusa nyeusi, kimya, maana ni aina ya udongo uliochomwa. Zote ni sumaku, na nyeusi ina nguvu kuliko kijivu, lakini haziimbi sawa. Mimi niliposikia ina nguvu kuliko kijivu sikusikia kitu kingine. Nikaziweka, nikafunga, nikachomeka amplifaya.

Lilikuwa na sauti, tena kubwa. Kila noti ilitoka na meno. Nilipojaribu kupiga wimbo mmoja wa baba, zile noti zake zinazofuatana zilisukumana kama watu kwenye foleni ya chakula. Nilijua nyimbo za baba kwa masikio kuliko kwa vidole, na nilijua kwamba akiligusa hili mara moja ataliweka chini na kusema hili si langu. Hata hivyo nilitaka kulipeleka. Niliona afadhali makelele kuliko yule mzee wa mstari wa pili.

"Baba yako ni mtu ya makelele?" bosi akaniuliza.

"Hapana."

"Basi toa."

Nikatoa, huku nasonya. Sumaku za kijivu zingeweza kupewa nguvu upya kwa mashine maalumu, bosi alisema, lakini mashine hiyo aliiona jeshini tu. Akanielekeza Biharwe, kwenye barabara ya Masaka, kwa mtu aliyekuwa akipiga gitaa katika bendi za hotelini na sasa anafuga mbuzi. Nilikwenda kesho yake bila kumwambia mtu nitarudi saa ngapi.

Yule mtu alikuwa na majivuno ya kutosha bendi nzima. Alinionyesha picha zake zote akiwa amevaa suruali pana kabla hajanipa hata kiti. Mwishowe akaleta gunia lenye mizoga ya magitaa matatu na mikro zimefungwa pamoja kwa kamba, akasema zote ni za zamani, zote sawa, zote za kijivu.

"Mimi najua vitu yangu," akasema.

Nikatoa mita, nikapenyeza ncha zake ubavuni mwa kila mikro mpaka kwenye sumaku. Mikro ya kwanza, kimya. Nyeusi. Ya pili, kimya. Akasema mita yangu imekufa. Nikaigusisha kwenye funguo zake, ikalia, akazirudisha mfukoni. Ya tatu ikalia, ya nne kimya, ya tano ikalia. Nikazifungua hizo mbili zilizolia, nikazijaribu kwa misumari: kila moja ilibeba msumari, na msumari ukabeba msumari mwingine, na huo ukabeba wa tatu. Nilihisi machozi yanakuja, jambo la kijinga mbele ya mtu usiyemjua na mbuzi wake. Hakutaka kitu ila nimtengenezee redio yake. Nilimaliza kabla chai haijapoa.

Nilizifunga sumaku mbili kwenye kitambaa, zimebanana na kipande cha chuma katikati kama bosi alivyonifundisha, na njia nzima ya kurudi nilizishika mkononi. Niliweka ya kwanza, nikapima kwa dira, nikaweka ya pili, nikapima tena, doa jekundu na sindano vikasema neno moja. Nikayeyusha nta. Nikasubiri ikauke, bosi akaniambia nisipulize, nikapuliza. Nilipolichomeka na kugusa uzi mmoja, sauti ilitoka ileile ya utotoni mwangu. Nilizima haraka kwa sababu sikutaka bosi anione.

Zile sumaku za zamani nilizitia mfukoni. Nilikusudia kumwonyesha baba Jumamosi, nimwambie kila kitu na kumwomba msamaha. Nilijipanga njiani kuanzia Mbarara. Nilipofika nyumbani nikamkuta anapanga viazi, amekonda, ameinama, nikasema tu, "Nimeisafisha, papa." Basi. Niliona aibu. Nikajiambia atacheza kwanza, nitasema baadaye.

Jumapili ile kwaya ilikuwa inaaga mume na mke waliopata safari ya kwenda Amerika. Kwetu anayeondoka huimbiwa wimbo anaouchagua mwenyewe, na wale wawili, walioimba na baba tangu tulipofika, waliomba wimbo wake wa solo. Walimwambia hata kama vidole vimekufa, avilete. Hakuweza kukataa. Gitaa nilikuwa nimelibeba mimi mwenyewe mkononi, na sanduku sikuligusa.

Alianza kwa kubonyeza sana, kama alivyozoea. Sauti ikamrukia, akashtuka, akaondoa mkono. Akaitazama amplifaya. Akagusa tena, kidogo tu. Halafu nikaona mabega yake yanashuka, na vidole viwili vikaanza kukimbia. Wamama wa kwaya walirudi nyuma hatua mbili bila mtu kuwaambia. Mama alisimama. Mimi nililia waziwazi, na wa karibu yangu wakadhani ni kwa ajili ya wale wanaosafiri.

Ningesema siku ile. Nilimfuata nje, nikamkuta amezungukwa na watu wanamshika vidole. Nikasema kesho. Kesho nikaondoka alfajiri. Na Jumapili iliyofuata, ulipofika wakati wa ushuhuda, baba, ambaye hakuwahi kutoa ushuhuda maishani mwake, alisimama mbele. Alinyoosha mikono yake miwili.

"Bandugu, Mungu alikamata bidole byangu juu ya neno moja nilifanya zamani. Neno ile ninaijua, na Mungu anaijua. Leo amebirudisha. Ni kusema amenisamehe. Neno inaisha."

Kanisa zima likalipuka kwa vigelegele. Mimi nilikuwa na zile sumaku mbili kwenye mkoba wangu, na nikahisi zinazidi uzito.

Nilifanya nini? Nilikimbia kwenye yale makanisa mawili yaliyoiga sanduku letu, nikawaambia toeni magitaa yenu leo leo, yanauawa humo. Kwa watu baki nilikuwa na ulimi wa kutosha. Kwa baba sikuweza, kwa sababu sasa haikuwa tena habari ya sumaku. Nikimwambia, namnyang'anya msamaha. Nikinyamaza, namwacha ashukuru kwa muujiza niliouchomea nta kwa mkono wangu. Mbarara nilivunja vitu. Nilichoma koili ya mteja. Bosi akanirudisha nyumbani siku mbili, akasema nipeleke kelele zangu kwa mwenyewe.

Nadhani ningenyamaza mpaka leo, kama si lile jambo la ofisi. Makao makuu ya kambi kulikuwa na meza ya kuandikisha ndugu waliopotea, majina yanapelekwa kambi za nchi nyingine kutafutwa. Tangu tufike baba hakuwahi kwenda, akiogopa kuulizwa waliachana vipi. Wiki ile mama alisikia kwamba jirani yetu amepata habari za mdogo wake yuko Tanzania, mzima. Akamwambia baba twende tukaandikishe jina la dada yako. Baba akamjibu kwa upole, huku anapangusa gitaa:

"Hapana, mama batoto. Ile neno imeisha. Mungu mwenyewe ameifunga. Dada amepumzika."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Amepumzika! Mtu ambaye huenda yuko kwenye kambi nyingine, labda anashona, ameshazikwa na sumaku mbili kutoka Biharwe. Sikulala vizuri, na kulipokucha nilijua sitaondoka kwenda Mbarara.

Tulikuwa shambani tunapura maharagwe, baba upande mmoja wa turubai na mimi upande wa pili, kila mmoja na fimbo yake. Nilipiga maharagwe yale kana kwamba yamenikosea. Kisha nikatupa fimbo, nikatoa kitambaa mfukoni, nikazimwaga zile sumaku za zamani mbele yake.

"Papa, ni hii ilikuwa bidole byako."

Nikamweleza yote: spika, sanduku, doa jekundu, dira. Nilichukua msumari nikamwonyesha unavyoanguka. Alisikiliza akiwa amechuchumaa, fimbo mkononi.

"Ni nani alisema gitare ilale mule?"

"Ni miye, papa."

Akaichukua ile sumaku iliyogeuzwa, akaikandakanda.

"Kwa hiyo bidole byangu habikukufa."

"Hapana."

"Na Mungu hakunisamehe."

"Mambo ya Mungu sijui, papa. Najua mambo ya sumaku."

Nilitegemea anipige kwa ile fimbo, na kusema kweli ningeshukuru. Hakunipiga. Alikaa chini kabisa kwenye maganda ya maharagwe, akafunika uso, na baba yangu ambaye sikuwahi kumwona akilia, si njiani, si siku ya kufika, akalia kwa sauti. Alisema kwamba miaka miwili alikuwa akijipa moyo kuwa anateseka kwa ajili ya dada yake, na kumbe hakuwahi kumfanyia dada yake kitu chochote. Sikujua nimguse au nimwache. Nilikaa pembeni yake, na kwa mara ya kwanza maishani goti langu halikucheza.

Tulimaliza maharagwe. Jioni alilitundika gitaa ukutani juu ya kitanda chao, mbali na redio.

Siku ya pili asubuhi akavaa shati la kanisani, akaniambia, "Twende." Tulitembea mpaka makao makuu. Foleni ilikuwa ndefu, na baba hakuketi, alizunguka akirudi, alizunguka akirudi, nikajua kiherehere nilikirithi wapi. Mezani kulikuwa na dada mmoja Mganda mwenye fomu na kalamu. Aliandika jina la shangazi, umri wake wa kukadiria, kijiji.

"Mzee, mliachana naye wapi?"

Baba akataja njia panda.

"Alikuwa amebeba kitu? Mtu anaweza kukumbuka yeye kwa hiyo."

"Mashini ya kushona. Ilikuwa nzito. Akaniomba nimubebee."

"Ukabeba?"

"Hapana. Nilibeba gitare."

Kalamu ikasimama. Yule dada akamtazama, akanitazama mimi, akatazama fomu yake ambayo nadhani haikuwa na nafasi ya jibu kama hilo.

"Hiyo na yenyewe naandika?"

"Andika," baba akasema. "Akisoma, atajua ni miye."

Akaiandika.